Lakiri kwenye Kikapu cha Ba

Kosa nililolifanya mapema kabisa katika kazi yangu ya ukarani ni kupima kitu ambacho hakuna aliyeniomba nikipime. Nilikipima kwa rula ya mbao, kwa inchi na robo inchi, nikakiandika kwa wino mweusi. Vipimo vyote vilikuwa sahihi. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kwa muda mrefu ndilo nililojitetea nalo.

Tuliingia Maskati kutoka Unguja mwaka 1964, mama yangu na mimi, tukafikia kwa ami yangu, mdogo wake marehemu baba, aliyekuwa amekuja miaka mingi kabla yetu na kupanga nyumba ndani ya ukuta wa mji. Skuli nilikuwa nimeiacha njiani. Kiarabu cha kusema nilikuwa nacho, cha kuandika sikuwa nacho, nikajifunza kwa kunakili magazeti makuukuu waliyofungia viungo sokoni. Kupiga taipu nilijifunza juu ya kipande cha kadibodi nilichokichora herufi mwenyewe. Mtu aliyejisomesha hajui elimu yake imetoboka wapi, basi huziba kila mahali. Barua ya mistari mitatu niliiandika mara nne. Nikitoka kazini nilirudi nusu njia kuhakikisha kama nimefunika wino.

Ami alinitafutia kazi forodhani, karani msaidizi. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika kila kinachoingia na kinachotoka, na kuwaandikia maombi watu wasiojua kuandika. Wakati ule hakukuwa na kitu kilichotoka nchini bila karatasi. Mwenye kuhama alihitaji ruhusa yake mwenyewe na ruhusa ya vitu vyake. Tende, ndimu kavu, mazulia, hivyo vilikuwa na utaratibu wake. Kitu kisichokuwa na utaratibu kilihitaji ombi la peke yake.

Nyumba iliyofuata yetu alikaa mjane wa Kibanyani. Mumewe alikuwa akiuza vitambaa. Watu wote walimwita Ba, kama Wahindi wenzake walivyomwita, maana yake mama. Alizaliwa Unguja, akaolewa Maskati akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe hasa, kimebaki kama alivyoondoka nacho. Mama yangu alipomsikia mara ya kwanza akimgombeza paka kwa Kiswahili pale kichochoroni, aliacha ndoo yake akalia. Tangu siku hiyo Ba alikuwa akija kukaa kizingitini petu kila asubuhi. Hakula chochote cha kwetu wala hakunywa maji yetu, dini yake haikumruhusu, na mama hakuona vibaya. Alimpa kitu kimoja tu ambacho Ba alikipokea: ndimu nzima, haijakatwa kwa kisu chetu. Ba aliitia kwenye pindo la sari, wakaendelea kuzungumza habari za watu wa Shangani waliokwisha kufa.

Macho ya Ba yaliingia ukungu. Mara ya pili alipojiunguza jikoni, mwanawe wa pekee, aliyekuwa Kachi, Uhindini, aliandika kwamba mama yake sasa aende akakae naye. Ba alikubali. Aliuza vitanda, makabati na vyombo. Lakini alikuwa na masanamu mawili ya shaba ya mungu wake, na alimwambia mama wazi kwamba bila hayo hatoki.

"Si wapo Mabanyani wenzio hapa," mama alimwambia. "Waachie wao wakutunzie."

"Mtoto anaachiwa jirani?" Ba aliuliza. "Weye ulimwacha wako Unguja?"

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikichonga penseli.

Ndipo Ba aliponigeukia akasema, "Karani, utaniandikia?"

Sanamu la kwanza lilikuwa mtoto anayetambaa, ameshika donge la siagi. La pili lilikuwa kijana amesimama na zumari. Ba alisema wote wawili ni mmoja yuleyule, udogoni na ukubwani. Yeye hakuyaita masanamu. Alimwita Mtoto. Kila alfajiri alimwamsha, akamwogesha, akamvisha, akampa chakula, na adhuhuri alimlaza nyuma ya pazia mpaka alasiri. Haya yote mama alinieleza, nami niliyasikia kama mtu anavyosikia desturi za watu wengine. Sikufikiri kwamba yananihusu.

Nilikwenda nyumbani kwake saa ya mapumziko ya mchana. Ba alikuwa akielekea jikoni, ng'ambo ya ua.

"Wamelala," aliniambia. "Ngoja waamke. Njoo alasiri."

Alasiri nilikuwa na zamu. Na nilishaamua kwamba ombi hili litakuwa kamili kuliko yote yaliyowahi kupita forodhani, mkubwa wangu asipate hata swali moja la kuuliza. Ba alipoingia jikoni nilivuta pazia. Nilimnyanyua kijana wa zumari, nikampima, nikamrudisha. Nilimnyanyua anayetambaa, nikapima urefu, nikapima upana, halafu nikataka kupima kitako. Ili kukipima ilinibidi nimgeuze.

Ba alirudi na kopo la maji. Macho yake hayakuwa mazima, lakini hilo aliliona.

"Umemshika kichwa chini," alisema.

Hakusema jingine. Nilimrudisha mahali pake, nikaomba radhi huku nimeshika rula, nikatoka. Baadaye mama aliniambia kwamba Ba aliwaosha wote wawili kwa maziwa na mtindi na asali, akawavisha nguo mpya, na mwenyewe akafunga mpaka kesho yake. Kizingitini hakuja. Mama alikuwa ameweka ndimu, ikakauka pale.

Naungama kwamba usiku ule niliona haya, lakini haya yangu yalikuwa na kiburi ndani yake. Nilijiambia: vipimo angalau nimevipata. Nikaandika ombi. Nikatia urefu, upana, kitako, rangi ya shaba, mkwaruzo mdogo uliokuwa kwenye goti la yule anayetambaa. Nikatia pia jambo nililolisikia kwa mama, kwamba masanamu yalikuja Maskati na babu wa babu wa mume. Hili nalo hakuna aliyeniomba. Niliona linapendeza, linaonyesha heshima.

Mkubwa wa forodha alikuwa mzee wa Kiomani, mpole, asiyependa karatasi ndefu. Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Haya yamekaa nchini vizazi vyote hivi?"

"Naam, sheikh."

"Na ni ya nyumba yake, si ya hekalu? Si ya nchi?"

"Ni yake, sheikh."

"Nani anasema?"

Nilikuwa na jibu la kila inchi, la hilo sikuwa nalo. Alikunja karatasi. "Kitu kikongwe namna hii mimi sikitoi kwa mkono wangu. Kiende Salala."

Kwa asiyejua: miaka ile Sultani alikaa Salala, mbali kusini, na mambo makubwa na madogo yaliulizwa huko kwa simu ya upepo. Mengine yalijibiwa. Mengine yalikaa.

Ami alicheka mpaka akashika ukuta. "Mabanyani wangapi wamehama hapa na miungu yao? Huandikwa 'vyombo vya shaba vya nyumbani', mhuri, haya kwaheri! Weye umemwandikia mtu wasifu!"

Nilikwenda kumwambia Ba. Nilisimama nje ya mlango wake, sikuthubutu kuingia. Nilimweleza habari ya Salala, na kwa kuwa nilitaka kuonekana mkweli nilimweleza na maneno ya ami.

"Vyombo vya shaba ningekataa," Ba alisema kutoka ndani. "Sufuria ndo chombo. Lakini habari ya babu wa babu, nani kakutuma?"

"Hakuna, Ba."

"Ehe," alisema.

Meli ya Bombay ilipita, Ba hakuwamo. Nyumba yake ilikuwa tupu, amebakiwa na mkeka, jiko, na kile chumba cha pazia. Mwanawe aliandika kuuliza kama mama anaumwa. Barua niliisoma mimi, kwa kuwa alikuwa ameiandika kwa Kiingereza ili forodha nayo iielewe, na niliisoma nimesimama palepale nje. Siku hizo nilikuwa nikiandika barua za kukumbushia kwa Salala, nikizichana, nikiziandika upya, na nyingi sikumwonyesha hata mkubwa wangu. Mama alisema nimeanza kusahihisha maandishi usingizini.

Halafu jibu likaja. Ruhusa imetolewa, kwa sharti: masanamu yakaguliwe forodhani, yalinganishwe na vipimo vilivyomo katika ombi, yatiwe ndani ya sanduku, na sanduku lipigwe lakiri, ile nta nyekundu ya mhuri, kabla ya kupakiwa melini.

Nilikimbia. Kanzu nimeikusanya mkononi, nilikimbia kichochoro kizima nikamwambia Ba kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia. Ba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sanduku la misumari?"

"Wapagazi watalifunga vizuri, Ba. Mimi mwenyewe nitasimamia."

"Na nani atamshika?"

"Wapagazi."

"Basi siendi," alisema. "Mwandikie mwanangu. Mwambie mama yako atakufa Maskati."

Mama alikuwa ametokea nyuma yangu. Hakunigombeza mbele ya Ba. Alinivuta mpaka uani kwetu.

"Mwanamke haoni, ataungua siku moja na nyumba yake," alisema. "Unamjua Mtoto wake urefu na upana na kitako. Anasafirije, unajua?"

"Sijui."

"Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Kamuulize."

Nilirudi. Nilivua viatu, nikakaa kizingitini kwa Ba kama yeye alivyokuwa akikaa kwetu, nikaweka mikono mapajani. Rula niliiacha nyumbani kwa makusudi.

"Ba, Mtoto akisafiri, husafiri vipi?"

Alinigeuzia sikio. Nadhani alikuwa akipima kama nauliza kwa ajili ya karatasi.

"Husafiri kwenye kikapu," alisema. "Kikapu chenye kifuniko, juu ya mapaja ya mtu wake. Ndivyo alivyokuja hapa. Weye ulifikiri alikuja na misumari?"

"Wageni huruhusiwa kumtazama?"

"Kutazamwa ndo anapenda. Kushikwa ndo hapana."

"Na kikapu kikifungwa kamba?"

"Akiwa amelala, kifungwe. Saa ya kuamka kifunguliwe, ale. Mtoto hafungiwi akiwa macho."

Maana yake ni kwamba nilikuwa na muda wa kuanzia adhuhuri hadi alasiri. Ukaguzi ufanyike kabla, lakiri ipigwe akishalazwa, mashua iwafikishe melini, na lakiri ivunjwe meli ikishaondoka, kabla ya saa ya kuamka. Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikamweleza yote, bila kuandika. Sikumbuki kama nilishawahi kumweleza jambo bila kuandika. Alisikiliza akizungusha tasbihi.

"Hicho kikapu kina kifuniko?"

"Kinacho, sheikh."

"Kinafungika?"

"Kinafungika."

"Basi ni sanduku. Mlete."

Siku ya meli Ba alikuja forodhani amevaa sari nyeupe iliyopigwa pasi, kikapu kakikumbatia, mama yangu kamshika kiwiko. Chumba cha ukaguzi kilikuwa na wapagazi wawili, mkubwa wa forodha, na mimi. Kwa kuwa Kiarabu cha Ba kilikuwa cha kununulia mboga tu, mimi nilikuwa mkalimani.

Mkubwa alimwambia mpagazi wa kwanza ayatoe masanamu ayaweke mezani. Mpagazi alirudi nyuma hatua. "Astaghfirullah, sheikh. Mimi gunia lolote nabeba. Sanamu silishiki."

Wa pili akasema, "Na mimi vilevile," kabla hajaulizwa.

Mkubwa alinitazama mimi. "Wewe ndiye uliyeyapima. Toa."

Nilimtazama Ba. Alikuwa amekikaza kikapu kifuani. Katika kazi yangu yote sikuwahi kumkatalia yule mzee kitu, na nilisikia masikio yangu yakiwaka.

"Siwezi, sheikh. Niliyashika mara ya kwanza bila ya idhini ya mwenyewe."

"Basi atayashika nani? Mimi?" Alinyanyua mikono yake, mikunjo ya kanzu bado imelowa. "Mimi sasa hivi nimetia udhu. Mimi sanamu siligusi!"

Nilifungua mdomo kutafsiri, lakini Ba alishaelewa.

"Alhamdulillahi!" alisema.

Mpagazi mmoja aliangua kicheko, akajifanya anakohoa. Mkubwa wa forodha alimtazama Ba, halafu akanitazama mimi kama anayetaka nimlie kiapo kwamba amesikia vizuri.

"Mwambie sheikh," Ba alisema, "miye na yeye hatuna ugomvi. Yeye hataki kumshika, na miye sitaki amshike. Sasa tunagombania nini hapa?"

Nilitafsiri neno kwa neno. Mzee alicheka kwa pua. "Mwambie amtoe mwenyewe."

Ba aliwatoa mmoja mmoja, akawaweka juu ya kitambaa alichokuja nacho. Mkubwa alitazama kwa mbali, mikono nyuma. Sharti lilisema vipimo vilinganishwe, nami nilikuwa na rula, lakini nilibaki nimeishika hivyo hivyo. Ba alinyoosha mkono.

"Lete hiyo."

Aliisimamisha mwenyewe ubavuni mwa yule anayetambaa. Namba hakuziona. "Soma weye," aliniambia, nami nikasoma nikiwa nimesimama hatua moja kutoka mezani. Tulifanya hivyo urefu, tukafanya upana. Nilipofika kwenye kitako nilinyamaza.

"Nini tena?" mkubwa aliuliza.

"Kipimo cha mwisho, sheikh. Cha chini."

Ba alielewa kwa sauti yangu tu. Alimnyanyua Mtoto moja kwa moja juu, kama mtu anavyomnyanyua mtoto mchanga amwangalie usoni, akamshikilia hewani. Kwa mkono mwingine aliipitisha rula chini yake.

"Kichwa juu," alisema. "Unaona? Inawezekana."

Nilisoma kipimo. Kililingana.

Alimpa chakula chake palepale, akamsomea maneno yake taratibu. Mkubwa wa forodha alikwenda kusali adhuhuri. Aliporudi, Ba alikuwa amekwisha kuwavika na kuwalaza na kukifunika kikapu. Niliyeyusha lakiri juu ya mshumaa. Ba aliweka kiganja chake chini ya fundo la kamba ili tone lisipenye ndani, na tone moja likamwangukia kidoleni. Hakukitoa. Niligonga mhuri.

Kwa amri ya mkubwa nilifuatana na Ba kwenye mashua ili niikabidhi lakiri melini ikiwa nzima. Kwaheri ya mama na Ba ilikuwa fupi. Walishikana mikono, mama akamwambia, "Ukifika uandike," wakati wote wawili walijua Ba hajui kuandika, na Ba akasema, "N'taandikisha."

Melini ofisa aliitazama lakiri, akatia saini, akaondoka zake. Mimi nilipaswa kurudi. Lakini meli haikung'oa nanga. Bado walikuwa wakipakia magunia ya ndimu kavu, na jua lilikuwa limeanza kuteremka nyuma ya majabali ya Maskati. Ba alikuwa amekaa sitahani juu ya mkeka wake, kikapu mapajani.

"Ataamka sasa hivi," alisema.

Karatasi ilisema lakiri ipigwe kabla ya kupakia. Haikusema ivunjwe lini. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote, na sasa tu nikaona hilo tundu. Je, meli iliyotia nanga Maskati bado ni Maskati? Kama mtu wa forodha angepanda akakuta kikapu kimefunguliwa, angeweza kuyateremsha masanamu, na Ba angeteremka nayo. Nilimweleza. Nilimwambia angoje meli iondoke.

"Weye ndiye uliyefunga," Ba alisema. "Miye siwezi kuvunja mhuri wa serikali. Ila huyu anaamka."

Hakunihimiza. Alikaa tu, kidole chake chenye alama nyekundu juu ya kifuniko.

Niliivunja. Niliivunja kwa kucha, vipande nikavikusanya vyote nikavitia mfukoni. Ba alifungua, akawainua mmoja mmoja, kichwa juu, akawapa maji na kipande cha sukari guru. Hakunikaribisha sukari ile. Alijua kwamba nami nina dini yangu. Alipekua pindo la sari akatoa ndimu nzima, haijakatwa, akaniwekea mkononi.

"Mpe mama yako salamu," alisema. "Na hii ni yako."

Mashua ya mwisho iliniteremsha. Nilikaa forodhani nikiitazama meli mpaka ikaondoka, na wakati huo wote sikufikiri juu ya Ba, nilifikiri juu ya vipande vya lakiri.

Kesho yake nilivimwaga mezani kwa mkubwa wangu, nikamwambia nilivunja kabla ya meli kung'oa nanga.

"Meli imeondoka?" aliuliza.

"Imeondoka, sheikh."

"Na yule mama yumo?"

"Yumo."

"Na wewe unataka nini sasa? Hebu fagia hiyo takataka juu ya meza yangu."

Ba aliandikisha barua moja, kwa mkono wa mjukuu. Kwamba wamefika wote, na kwamba ndimu za huko ni ndogo.

Sasa ni 1970. Sultani mpya amehamia huku, na Salala haiulizwi tena kwa ajili ya kikapu cha mtu. Ruhusa za namna hiyo hutolewa hapahapa Maskati, na nyingine naziandika mimi. Bado naandika kila kitu mara nne. Ila sasa nauliza kwanza, halafu ndipo natoa rula.